Mississippi: Vichwa Vingi, Kura Chache

Marekani tunayoijua sisi wa vijiweni ni ile ya New York na Los Angeles, ya maghorofa na magari marefu. Mississippi hatuijui. Tukijitahidi sana tunakumbuka ule mto tuliokaririshwa kwenye jiografia, tukaujibia mtihani, tukausahau. Lakini muziki unaotikisa madisko yetu, ukiufuata nyuma hatua kwa hatua, kutoka rap hadi soul, kutoka soul hadi blues, mwisho utaacha lami, utashika njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba, na hapo ndipo Mississippi. Mimi nilifika kwa njia hiyo. Nilitaka kujua wale wapiga gitaa walitoka wapi, nikajikuta nimezama kwenye majedwali ya sensa.

Najua wengi wetu tunaojifunza kuandika tunaziogopa takwimu. Tunaambiwa zinaua hadithi. Basi naomba univumilie, manake hadithi ya jimbo hili yote imo ndani ya takwimu zake.

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Mississippi watu 2,961,279. Katika kila watu 100, weusi walikuwa kama 37. Hakuna jimbo jingine la Marekani lenye sehemu kubwa ya watu weusi kuliko hiyo. Sawa, hilo linafahamika. Lakini hebu rudi nyuma. Mwaka 1840 weusi walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa jimbo. Mwaka 1860 hivyo hivyo. Mwaka 1900, kati ya watu 1,551,270, weusi walikuwa 907,630. Mwaka 1930 bado wao ndio wengi, ingawa kwa kunusurika tu. Sensa kumi mfululizo, tangu 1840 mpaka 1930, mtu mweusi ndiye aliyekuwa wengi Mississippi.

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watatwaa wenyewe. Wengi wa Mississippi hawakupewa. Na kila walipojaribu kutwaa, ikawa kasheshe. Ninachotaka kukusimulia ni jinsi ilivyowezekana, maana haikutokea kwa bahati mbaya. Watu walikaa vikao, wakaandika, wakapiga hesabu.

Tuanze na wenyewe wa nchi. Kabla ya pamba kulikuwa na Wachoctaw na Wachickasaw, na kina Natchez ambao Wafaransa walikuwa wamewasambaratisha zamani. Mississippi ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1817, huku sehemu kubwa ya ardhi yake ikiwa bado mikononi mwa wenyeji hao. Mwaka 1830 Wachoctaw wakatiwa saini kwenye mkataba wa Dancing Rabbit Creek, wakaiachia serikali ekari zipatazo milioni 11. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Wachickasaw. Maelfu wakafukuzwa kwenda ng'ambo ya mto, magharibi, wengine wakafia njiani kwa baridi na kipindupindu. Wachoctaw wachache walikataa kuondoka wakabaki misituni, na wajukuu wao wako pale hadi leo. Serikali ya Marekani iliwatambua rasmi kama taifa mwaka 1945.

Ardhi ikawa wazi. Sasa angalia kilichoingia. Mwaka 1820 jimbo lilikuwa na watu 75,448. Mwaka 1830 ni 136,621. Mwaka 1840 ni 375,651! Miaka kumi tu, idadi imekaribia kuwa mara tatu. Na hao wapya wengi wao hawakuja kwa kupenda. Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuleta watumwa kutoka Afrika tangu 1808, lakini kuuza mtu kutoka jimbo moja kwenda jingine kulikuwa halali kabisa. Basi wakatolewa Virginia, Maryland na Kentucky, wakafungwa minyororo wawili wawili, wakatembezwa kwa miguu wiki nenda rudi mpaka soko la Natchez. Watu wengi waliohesabiwa kwenye sensa ile ya 1840 walikuwa wameacha mama au mtoto mahali ambapo wasingerudi tena.

Je, walihesabiwaje? Hapa naomba utulie kidogo.

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 iligawa viti vya bunge kwa kufuata idadi ya watu. Wenye watumwa wakadai watumwa wao wahesabiwe, ili majimbo yao yapate viti vingi. Wasiotegemea utumwa wakauliza: nyie si mnasema hawa ni mali, mbona hatuhesabu ng'ombe wetu? Wakavutana, wakaishia kwenye mapatano ya ajabu: kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Wengi wanapolisikia hili wanadhani uonevu ulikuwa ni ile kukatwa, kufanywa tatu ya tano ya mtu. Mimi naona tofauti. Kwa aliyefungwa pale shambani ingekuwa heri angehesabiwa sifuri, maana kila alivyohesabiwa zaidi ndivyo bwana wake alivyozidi kupata nguvu Washington. Mama mtumwa akijifungua Mississippi, mwenye shamba anaongezewa mali na jimbo linaongezewa uzito bungeni, siku hiyo hiyo, na mtoto yule yule.

Na majina? Hakuna. Kwenye sensa za 1850 na 1860 karani aliandika jina la mwenye watumwa, kisha chini yake akapanga umri, jinsia na rangi. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Mwanamume, miaka 8, chotara. Mwaka 1860 kulikuwa na watu 436,631 wa namna hiyo Mississippi, katika jumla ya 791,305. Majina yao yanaanza kuonekana kwenye sensa ya 1870, baada ya vita na uhuru. Mmarekani mweusi wa leo anayetafuta mababu zake kwenye karatasi za sensa hugonga ukuta hapo hapo, 1870.

Miaka ile ya baada ya vita ilikuwa na matumaini bwana. Walioandikishwa kupiga kura mwaka 1867 wengi wao walikuwa weusi, yaani watu waliokuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani. Mwaka 1875 akafuatia Blanche Bruce, aliyezaliwa utumwani, akamaliza muhula wake wote wa miaka sita. Baada yake Seneti haikumwona tena mtu mweusi mpaka 1967, naye huyo alitokea Massachusetts.

Mwaka 1875 wenye nchi walisema imetosha. Uchaguzi wa mwaka huo ulifanywa kwa bunduki. Makundi ya wazungu yenye silaha yalivamia mikutano, yakaua viongozi, yakawazuia watu njiani kwenda kupiga kura. Mbinu hiyo ikapata hata jina, Mpango wa Mississippi, na majimbo mengine ya kusini yakaiga. Lakini kuiba kura na kuua kila uchaguzi ni kazi chafu na inachosha, na waliokuwa wakiifanya walilisema hilo wenyewe hadharani. Ikatafutwa njia safi, ya kisheria, ya wanasheria na kalamu.

Ndiyo mkutano wa katiba wa mwaka 1890, mjini Jackson. Wajumbe walikuwa 134. Jimbo ambalo zaidi ya nusu ya watu wake ni weusi lilipeleka mjumbe mweusi mmoja. Mmoja! Aliitwa Isaiah Montgomery. Alizaliwa mtumwa kwenye shamba la ndugu yake Jefferson Davis, yule rais wa waasi, na mwaka 1887 alikuwa ameanzisha mji wa weusi watupu uitwao Mound Bayou. Montgomery alisimama akahutubia, akaiunga mkono ile katiba iliyokuwa ikija kuwanyang'anya kura watu wake. Alitumaini kwamba weusi wakilegeza kamba wataachwa kwa amani, na elimu na mali vitawarudishia haki zao polepole. Wengine wakamwita msaliti. Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini mimi, niko peke yangu kati ya wazungu 133, nina mji mchanga wa kuulinda. Sijapata jibu la kujivunia. Ila hesabu ya amani haikuwahi kulipwa.

Katiba hiyo ukiisoma harakaharaka huoni neno mtu mweusi kwenye masharti ya kura. Ndio ujanja wake. Ilisema mpiga kura lazima alipe kodi ya kura, dola 2 kwa mwaka. Lazima awe ameishi miaka miwili jimboni. Asiwe amepatikana na makosa fulani, na makosa yenyewe yakachaguliwa yale ambayo wazungu wa wakati ule waliamini ni ya weusi: wizi, kughushi, kuoa wake wawili, kuchoma nyumba. Halafu lazima aweze kusoma kifungu chochote cha katiba, au akisomewa akielewe na kukitafsiri ipasavyo. Nani anaamua kama umekitafsiri ipasavyo? Karani. Karani ni nani? Mzungu. Kazi imekwisha. Kufikia mwaka 1892 walioandikishwa kati ya weusi wa jimbo zima hawakufika elfu tisa, na wanaume weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa zaidi ya laki moja na arobaini. Mwaka 1898 kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikasema haioni ubaguzi wowote kwenye maandishi.

Sasa we fikiria hesabu ilivyokaa. Zamani za utumwa, mtu mweusi alihesabiwa tatu ya tano na kura hana. Baada ya uhuru anahesabiwa mtu mzima, tano ya tano, na kura bado hana. Kwa hiyo mzungu wa Mississippi baada ya 1890 alikuwa na nguvu kubwa zaidi Washington kwa njia ya watu weusi kuliko babu yake mwenye watumwa! Marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani yalisema wazi kwamba jimbo likinyima watu kura lipunguziwe wabunge. Kifungu kipo. Hakijawahi kutumika hata mara moja.

Kuhusu wasio weusi wala weupe, niseme kidogo. Wachina walifika kwenye bonde la pamba, liitwalo Delta, baada ya vita, wakaacha mashamba upesi wakafungua maduka ya vyakula, hasa mitaa ya weusi. Jedwali la rangi halikuwa na nafasi yao. Mwaka 1924, mji wa Rosedale, msichana wa Kichina aitwaye Martha Lum alifukuzwa shule ya wazungu siku ya kwanza ya muhula. Baba yake akashitaki. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo lina haki ya kumweka kwenye fungu la weusi na kumpeleka shule ya weusi. Familia ikahamia Arkansas. Kumbe hata rangi ya mtu inaweza kuamuliwa na jaji.

Wengi wasiopewa, kama hawawezi kutwaa, hubakiwa na njia moja: kuondoka. Kati ya 1910 na 1920 weusi wa Mississippi walipungua kutoka 1,009,487 hadi 935,184. Mashamba yalikuwa yameshambuliwa na mdudu wa pamba, viwanda vya kaskazini vilitaka watu kwa sababu ya vita vya Ulaya, na gazeti la weusi la Chicago Defender lilikuwa likiingia Mississippi kwa siri, limebebwa na wahudumu wa treni, linasema njooni. Reli ya Illinois Central ilipita katikati ya jimbo moja kwa moja hadi Chicago. Watu wakauza kuku, wakauza kitanda, wakanunua tiketi. Wenye mashamba, waliokuwa wakisema weusi wamezidi, sasa wakatuma polisi stesheni kuwazuia wasipande! Usicheke. Hapo ndipo utaona walijua thamani ya kila kichwa.

Mmoja wa walioondoka alikuwa kijana aliyezaliwa karibu na Natchez mwaka 1908. Mwaka 1925 alikwenda Memphis, mwaka 1927 akafika Chicago. Aliitwa Richard Wright, na sisi tunaotaka kuandika tunalazimika kumjua. Mwingine aliondoka 1943 na gitaa lake, dunia ikamjua kwa jina la Muddy Waters. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na weusi kama 44,000; mwaka 1960 walikuwa zaidi ya 800,000. Sehemu kubwa walitoka Mississippi, wao au wazazi wao.

Halafu mashine. Oktoba 1944, kwenye shamba la Hopson karibu na Clarksdale, watu walikusanyika kutazama mashine mpya za kuchuma pamba. Kila moja ilifanya kazi ya watu kama 50. Kwa miaka zaidi ya mia mtu mweusi alikuwa amezuiliwa Mississippi kwa sababu ya mikono yake, na sasa mikono haikutakiwa tena. Sensa ya 1940 ilikuwa imekwisha kuonyesha weusi wameshuka chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu 1830. Waliendelea kushuka, na mwaka 1970 wakawa takriban 37 kwa 100.

Waliobaki waliendelea kuhesabiwa bila kusikika, na hili halikuwa jambo la karatasi tu. Agosti 1955 mtoto wa miaka 14 wa Chicago, Emmett Till, alikuja kuwatembelea ndugu wa mama yake Mississippi, akauawa. Kesi ilisikilizwa wilaya ya Tallahatchie, ambako karibu theluthi mbili ya watu walikuwa weusi. Raia 12 wa kuamua kesi walichaguliwa kutoka orodha ya wapiga kura, kwa hiyo wote 12 walikuwa wazungu, wanaume. Walijadiliana kama saa moja, wakawaachia huru washitakiwa. Miezi michache baadaye hao walioachiwa walilieleza gazeti, kwa malipo, jinsi walivyomuua. Mama wa mtoto mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Mississippi, amebebwa kaskazini utotoni na wimbi lile lile la treni.

Tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walipanda basi kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Mmoja wao alikuwa mama wa miaka 44, mtoto wa 20 kuzaliwa nyumbani kwao, mfanyakazi wa shamba la pamba: Fannie Lou Hamer. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo akitafsiri, kifungu chenyewe kinahusu mambo ambayo hata wakili angejikuna kichwa. Akaambiwa ameshindwa. Jioni ile ile akafukuzwa shamba alilofanyia kazi miaka 18. Hakuacha. Akarudi kwa karani, na Januari 1963 akafaulu.

Wakuu wa jimbo walikuwa na kisingizio kimoja: weusi wenyewe hawajali siasa. Basi Novemba 1963 wanaharakati wakaandaa uchaguzi wa mfano, wenye masanduku na karatasi zao wenyewe, makanisani na madukani. Weusi wapatao 80,000 wakapiga kura ambazo walijua hazitamweka mtu yeyote madarakani. Mimi nikisoma historia hii yote, hiyo ndiyo takwimu inayonigusa kuliko zote. Watu 80,000 wamejihesabu wenyewe.

Mwaka 1964, walioandikishwa rasmi walikuwa chini ya 7 kati ya weusi 100 wenye umri wa kupiga kura. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ikapitishwa 1965, serikali kuu ikatuma waandikishaji wake, na kufikia 1967 wakawa karibu 60 kwa 100. Miaka miwili! Lakini tazama kalenda. Kura ilipofika, wengi hawakuwa wengi tena. Wako Chicago, Detroit, St. Louis. Mississippi haikutoa mbunge mweusi kwenda Washington mpaka 1986, alipochaguliwa Mike Espy, takriban miaka mia baada ya mwenzake wa mwisho. Na kwenye zile nafasi zinazopigiwa kura na jimbo zima, gavana, mwanasheria mkuu na nyinginezo, hadi uchaguzi wa 2023 hakuwa amechaguliwa hata mweusi mmoja tangu karne ya 19.

Katiba ya 1890 ndiyo katiba ya Mississippi hadi leo, ila imetobolewa matobo mengi. Ilikuwa na kanuni kwamba mgombea ugavana lazima ashinde kura nyingi na pia ashinde sehemu kubwa ya majimbo 122 ya uchaguzi wa bunge la jimbo, ili hata weusi wakiwa wengi wasipite. Wapiga kura waliifuta Novemba 2020, karibu watu 8 kati ya kila 10 wakikubali, siku ile ile walipopitisha bendera mpya isiyo na alama ya waasi. Ile orodha ya makosa yanayomnyima mtu kura maisha yake yote imebaki, imebadilishwa kidogo. Kughushi hundi kumo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliamua kuwa kuiondoa ni kazi ya bunge la jimbo, si ya majaji.

Sensa ile ya 2020 ilionyesha pia kuwa ni majimbo matatu tu yaliyopungukiwa na watu kwa miaka kumi: West Virginia, Mississippi, na Illinois yenye Chicago. Watoto wa waliopanda treni wameanza kurudi kusini. Wengi wanateremkia Atlanta na Houston.